Nimeezeka Nyumba, na Sijarithiwa

Mpendwa Baba Atieno,

Nakuandikia nikiwa chini ya paa. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kabla hata ya kuuliza kama watoto wamekula. Mabati yamekaa, mbao hazijapinda, na ukuta wa upande wa zizi haujapasuka kama ulivyokuwa ukihofia. Atieno na Akinyi wako shuleni. Mimi niko mezani kwako, kalamu ni ile yako ya kazini, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike sina haraka ya kwenda popote.

Barua hii siifungi. Nikimaliza nitaiacha hapa mezani bila bahasha, na yeyote wa ukoo wenu anayejua kusoma aje aisome, mdogo wako Ouma akiwa wa kwanza. Yamesemwa mengi juu yangu katika bonde hili la Lambwe, mengine hata sijapata nafasi ya kuyafanya. Sasa nataka yasemwe na mimi mwenyewe, kwa jinsi yalivyokuwa.

Unakumbuka siku ulipolileta trekta? Lilikuwa dogo mpaka watu wa Rodi Kopany wakakuuliza kama limezaliwa juzi na bado linanyonya. Ulilipata wakati shamba la misheni lilipofungwa na vitu vyake kupigwa mnada. Wenye mashamba makubwa walilipita bila kuligeukia, wakitafuta trekta la maana. Mbele lilikuwa na mikono miwili ya haidroliki, na kwenye mikono hiyo beleshi lililoliwa na kutu hadi ungeweza kuchungulia upande wa pili. Mimi niliona takataka. Wewe uliona mikono.

Miaka yote ile ulikuwa Migori ukiendesha foklifti kwenye ghala la tumbaku. Nilikuja kukutembelea mara moja tu, nikasimama mlangoni nikakutazama ukichomeka zile uma mbili chini ya paleti, yale majukwaa ya mbao, ukinyanyua marobota mpaka karibu na dari kana kwamba unapanga vikombe kabatini. Ulipoliona trekta lile la misheni, ulichoona ni foklifti inayoweza kulima. Ukaling'oa beleshi, ukakaa siku nne kwa wachomeleaji wa Migori, ukarudi na vyuma viwili vilivyokatwa kwenye chesisi ya lori, vizito, vimepindwa, vimechongwa ncha. Ouma alipoviona alicheka mpaka akashika mti. Akasema umelivisha trekta pembe. Basi bonde zima likaziita pembe, ukabaki peke yako unayeziita uma.

Na ulinifundisha mimi. Nataka hili lisomwe vizuri. Hukumfundisha Ouma, ingawa alikuja mara tatu kuomba, mara ya tatu akiwa na kuku mkononi. Ulisema, ukiniita binti wa Suna kama kawaida yako, "Nyar Suna, mimi niko Migori Jumatatu mpaka Ijumaa. Hili trekta halitakaa hapa linanisubiri kama mbwa." Nikakuambia wanawake wa hapa hawaendeshi trekta. Ukasema wanawake wa hapa hawajaletewa trekta.

Ulikuwa mwalimu mgumu. Uma ziingie mpaka mwisho, si nusu. Inamisha nyuma kidogo, mzigo ukulalie. Tembea mzigo ukiwa chini, macho mbele. Pipa la zege lining'inie nyuma kila siku, hata kama unabeba manyoya. Ukitaka kutoka chini ya mzigo, shusha ncha kwanza, kisha rudi taratibu. Na mtu asisimame kwenye uma, hata kwa mzaha. Nilikuwa nayasikia haya hata nikikoroga uji.

Siku niliyosahau pipa la nyuma, nikachomeka uma chini ya tangi lililojaa maji na kunyanyua, magurudumu ya nyuma yakaacha ardhi. Nikawa nimekaa hewani, nimeinama mbele kama mtu anayetaka kuruka dirishani. Wewe ulikuwa umesimama pale, mikono kiunoni. Hukunikimbilia. "Shusha," ulisema. "Shusha tu, litarudi lenyewe." Likarudi. Niliposhuka nilikutukana matusi ambayo mama yangu mzazi hajui kwamba nayajua, na ukacheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo sijawahi kusahau pipa.

Halafu tukaanza kazi. Nani Lambwe alikuwa amewahi kuona magunia ya mahindi yakitoka shambani bila mgongo wa mtu? Tuliyapanga kwenye paleti kuukuu ulizozitoa ghalani, mimi nikayapitisha kwenye udongo mweusi mpaka mlangoni, na mgongo wangu ulipofika jioni ulikuwa bado wangu. Tulibeba mawe ya ua. Tulibeba magogo, yamefungwa mnyororo. Tulihamisha mizinga ya nyuki, ikiwa na nyuki wake ndani, taratibu kuliko maiti, na nikaumwa mara mbili tu. Na lile ghala letu la mahindi, la fito, lenye miguu minne na paa lake la nyasi, ulipogundua kwamba umelijenga mahali ambapo maji hupita, hukulibomoa. Ulisema, "Ingiza uma chini ya sakafu yake." Nikaingiza. Nikalinyanyua lote, nikatembea nalo kwenye boma kama mama aliyebeba mtoto mzito, nikalishusha upande wa pili. Kuku aliyekuwa akiatamia ndani hakutoka.

Na ng'ombe wa Ouma, yule mweusi aliyekwama mtoni siku mbili. Wanaume kumi walivuta kwa kamba mpaka wakachoka, mmoja akaenda kunoa kisu. Tukapitisha mikanda ya turubai chini ya tumbo lake, tukaifunga kwenye uma, nikamtoa kwenye matope kama jino. Ouma alinishika mkono siku hiyo. Alisema mbele ya watu, "Shemeji, hizi pembe zako Mungu azibariki." Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, ili akija kusoma ayakute.

Kisha ukaugua. Malaria ikapanda kichwani, na kabla sijamaliza kuzoea kukaa kwenye benchi la hospitali kule Homa Bay, nikawa mjane. Mvua ilikuwa ikinyesha wiki ya pili mfululizo. Gari lililokuleta likafika njia panda, likaingia kwenye udongo mweusi, likazama mpaka milango isifunguke. Watu wa ukoo wako wakasimama barabarani wakabishana. Jeneza lilikuwa zito, matope yalikuwa ya magoti, na nyumbani kulikuwa mbali. Waliinua mara mbili. Mara ya pili mmoja aliteleza na wewe ukaegemea upande. Nikaona kuegemea kule, Baba Atieno, na kitu ndani yangu kikasimama.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikawasha trekta, nikaja na paleti iliyotandikwa blanketi letu. Mzee mmoja akasema mke hamwendeshi mumewe kaburini. Nikamwambia, "Basi mbebeni." Wakatazama matope. Nikawaambia tena, "Mbebeni, jaduong', mzee wangu, mimi nitafuata nyuma nikilia." Hakuna aliyeinama. Wakakuweka kwenye paleti wakakufunga kwa kamba.

Nilikubeba mwenyewe, gia ya kwanza, mzigo chini. Njia nzima ulikuwa mbele ya macho yangu, na sikuweza kulia vizuri kwa sababu ningekosa kuona mashimo. Pipa la nyuma lilikuwepo. Nilikuwa nakusikia ukisema nisiharakishe kona ya pale kwenye kisiki, na sikuiharakisha. Watu walitembea kando kando wakiimba, na mngurumo wa injini ukawa kama sauti ya mwanamume mmoja asiyejua wimbo lakini hataki kunyamaza. Wanasema nilikosa adabu. Mimi nasema hakuna mke wa bonde hili aliyemfikisha mumewe nyumbani kwa mikono yake kama mimi.

Matanga yalipokwisha, wakaanza kunitazama. Unajua kutazamwa kule. Mjane wa kwetu anakuwa kama mlango ulioachwa wazi, kila mtu anauliza ni nani atakuja kuufunga. Wakasema Ouma anirithi, ndivyo desturi ilivyo, na wakasema kwa upole, kana kwamba wananiletea uji. Nikakataa. Wakauliza kwa nini. Nikasema Ouma ana mke, na mkewe ni rafiki yangu. Nikasema pia kwamba mwaka ule tulikuwa tumezika watu wengi mno, waume kwanza na wake wao baadaye, na warithi wao baada ya hapo, na kila mtu alijua na hakuna aliyetaja. Nikataja mimi, Ukimwi. Wazee wakatazama ardhi. Na sababu ya tatu sikuwaambia, naiandika hapa. Ouma hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama trekta.

Basi akaja na koti. Hukuwepo, lakini unamjua nduguyo. Alipita bila kubisha hodi, akavua koti lake la kijivu, akalitundika kwenye msumari wa sebuleni, karibu na picha yako, akaondoka. Desturi inakubali hivyo. Koti likilala ndani, mtu amelala ndani. Nilikaa nikalitazama koti lile wakati chai yangu ikipoa. Kisha nikalitoa kwa mpini wa ufagio, nikalitundika kwenye ncha ya uma ya kulia, nikawasha, nikainua mikono ya trekta mpaka juu kabisa. Najua ulisema mzigo ubebwe chini. Siku hiyo nilitaka uonekane. Nikapita njia kubwa, nikapita kanisani, nikapita kwenye posho mill ya kusagia unga watu wakiwa foleni, koti likipepea mbele yangu. Nikafika kwake, nikalishusha juu ya ua wake. Katika vyote vilivyobebwa na zile pembe, hicho ndicho kilichokuwa chepesi kuliko vyote na kilichonipa raha zaidi.

Lakini upepo hauna upande. Miezi michache baadaye, mvua kubwa ikiwa bado haijaanza, ulikuja upepo wa mchana uliong'oa paa letu kama kifuniko cha sufuria. Mabati yalitawanyika mpaka shambani kwa jirani, na kenchi zikavunjika. Mimi na watoto tukabaki tunatazama mawingu kutoka kitandani kwetu. Ouma alipita akasimama njiani. Akasema, "Nyumba imejisemea yenyewe," akaendelea na safari yake.

Hapo ndipo waliponishika. Nyumba ya mjane asiyerithiwa haijengwi wala haitengenezwi. Hakuna mwanamume atakayepanda juu yake, maana chira, laana ya mwenye kuvunja mwiko, itamla, atakonda mpaka afe, yeye na watoto wake. Nilienda kwa kila fundi kuanzia hapa mpaka Rodi. Wengine walikataa kwa aibu, wengine kwa ukali, mmoja alinifungia mlango nikiwa bado nasalimia. Ujumbe ulikuwa mmoja: mkubali Ouma leo, kesho tutapanda. Tukahamia jikoni chini ya karatasi ya nailoni. Redio ikaanza kusema mvua ya mwaka huo haijawahi kuonekana. Nikajua kuta zile za udongo zikinyeshewa wiki mbili bila paa zitalala chini, na zikilala nitakuwa sina nyumba, na mjane asiye na nyumba hana boma, na asiye na boma hana la kusema juu ya shamba wala trekta wala mahali watoto wake watakapolala. Walikuwa wanasubiri mvua iwafanyie kazi.

Nikatuma ujumbe Migori kwa Chacha, yule rafiki yako Mkuria mliyekuwa naye ghalani, aliyekuwa akitengeneza paleti. Akaja na msumeno na nyundo. Nikasema Mungu ni mwema, Mkuria haogopi chira ya Wajaluo. Alikuwa hata hajatua mfuko wake Ouma akatokea na vijana wawili wenye mapanga.

"Wewe fundi," akamwambia, "hii nyumba watu hawapandangi. Ukipanda hapo juu, kushuka utashukishwa."

Chacha akamtazama, akawatazama wale vijana na mapanga yao. Akasema, "Sawa mzee, nimesikia." Walipoondoka akanigeukia. "Mama Atieno, mimi hiyo chira yenu siogopi. Lakini panga inakatanga hata Mkuria."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilikukasirikia sana, nakuambia kweli. Nilikukasirikia kwa kufa. Halafu nikatazama lile ghala la mahindi, limekaa upande wa pili wa boma na paa lake, halina hata ufa. Nikamuuliza Chacha, "Wewe ukitengeneza paleti, unapanda wapi?"

Akasema, "Sipandi popote. Natengenezea chini."

"Basi nitengenezee paa," nikamwambia. "Chini. Mimi nitalinyanyua."

Akaanza kucheka, na kucheka kwake kulikuwa kwa fundi aliyepewa kazi nzuri. Tukaacha ile habari ya kenchi na mgongo wa katikati. Tukainua ukuta wa mbele kwa matofali mabichi, wa nyuma tukauacha chini, ili paa liwe la mteremko mmoja. Chacha akatengeneza vipande vinne, kila kimoja fremu ya mbao na mabati yake yamepigiliwa tayari, vimelala kwenye nyasi kama milango mikubwa. Miti miwili mirefu ya mkaratusi tukaifunga kwa mnyororo juu ya uma ili zifike mbali. Kwenye ukuta wa nyuma tukaacha nafasi mbili kwa kila kipande, miti ile ipate pa kushukia paa likishakaa. Na pipa la nyuma nikaliongezea mawe.

Siku ya kuinua, sijui nani aliita watu. Walikuwa kama kwenye mazishi, ila walikuwa na furaha zaidi. Nikachomeka miti chini ya kipande cha kwanza, nikainua kidogo, nikainamisha nyuma, kikanilalia. Nikaelekea ukuta wa nyuma. Chacha alisimama pembeni akinionyesha kwa mikono, kulia, kushoto, juu. Ouma akatoka kwenye umati, akasimama kati ya trekta na ukuta.

"Zima hiyo kitu," akasema kwa Kiswahili, ili Chacha naye asikie.

"Ouma, toka mbele ya mzigo," nikamwambia. "Kaka yako alinifundisha mtu asikae mbele ya mzigo."

"Hii nyumba haijengwi. Desturi inakataa."

"Desturi inasema mtu asipande. Nani amepanda? Nionyeshe mguu."

Akatazama juu. Watu wote wakatazama juu. Hakukuwa na mtu juu, kulikuwa na mawingu tu. Wazee wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, wakabishana, na yule yule mzee wa njia panda, aliyesema mke hamwendeshi mumewe, akakohoa akasema, "Kwa kweli, Ouma, mimi simwoni mtu." Mtu fulani akacheka. Ouma akabaki amesimama, na mimi sikuondoa macho kwenye uma, kwa sababu haidroliki ile unaijua, ilikuwa ikishuka polepole yenyewe, na kipande kilikuwa kinamjia. Nadhani hilo ndilo lililomwondoa, si maneno ya mzee.

Nikasogea. Nikapandisha mpaka ukingo ukapita ukuta wa mbele, nikashusha. Kikakaa. Nikashusha ncha kwanza, nikarudi taratibu, miti ikatoka kwenye zile nafasi kama mkono unaotoka mfukoni. Vipande vitatu vingine viliingia hivyo hivyo, cha tatu kikikwama kidogo hadi nikakirudia. Chacha akafunga kila kimoja kwa waya kutoka ndani, amesimama juu ya meza yetu ya kulia chakula, na hakuna desturi inayokataza kupanda meza.

Sasa sikiliza, maana hapa watu wakisimulia wanaongeza chumvi. Kazi ilikuwa imekwisha, ila kati ya kipande na kipande kulikuwa na mwanya mwembamba, unaohitaji bati la kufunika, na bati hilo lilipaswa kupigiliwa kutoka juu. Chacha akasema tuweke lami kutoka ndani, itashika mwaka mmoja. Wazee walikuwa wamekaa kwenye nyasi wanafurahi. Wakaanza kusifu akili yangu. Mmoja akasema, "Huyu mama ameheshimu mila." Mimi sikuwa nimeheshimu chochote. Nilikuwa nimezunguka tu, kwa ajili ya shingo ya Chacha, na sasa walitaka kunipokea kama mtoto mtiifu, na mwaka ujao mjane mwingine asiye na trekta angeambiwa mila ni ile ile.

Nikachukua nyundo. Nikaweka ngazi, nikapandisha gauni, nikapanda. Sikupanda kwenye uma, hilo nimelishika. Nikakaa juu ya paa langu, mwanamke, mjane, asiyerithiwa, nikapigilia mabati yale misumari yote mimi mwenyewe, na niligonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mama mmoja akafunika uso wa mtoto wake. Nilipomaliza nikasimama wima juu pale nikasema kwa sauti, kwa Kiluo, ili kusiwe na mtu wa kutafsiriwa: "Mguu mliokuwa mnautafuta ndio huu."

Walitawanyika bila kuaga. Na nimelipa, usifikiri sijalipa. Kanisani wanawake walisogea mpaka mwisho wa benchi. Maziwa yangu yalikosa mnunuzi. Waliotaka magunia yao yabebwe walikuja kwa kuchungulia, au hawakuja. Watu walinitazama mashavu kila Jumapili kuona kama nimeanza kukonda. Mvua ikaja, ile yenyewe, ikabomoa madaraja na kufukua barabara, ikanyesha juu ya mabati yangu mpaka tukawa tunaongea kwa ishara ndani. Tulikaa wakavu. Mashavu yangu yapo, yameongezeka hata.

Jana mama yako alikuja. Hakuwa amekanyaga hapa tangu siku ya nyundo. Alisimama nje akitazama juu, nikamletea kiti, akakataa kukaa. Na hapa, Baba Atieno, nina ugomvi na wewe. Baba yako alipofariki, mama alirithiwa na yule ami yenu, na ami naye alipokufa akasema amechoka na waume. Paa lake likaanza kuvuja. Alikuomba wewe, mwanawe wa kwanza, mtu wa foklifti, mtu wa kusema wanawake hawajaletewa trekta. Ukamwambia huwezi kupanda, ukampelekea sufuria mbili za kukingia maji. Nilikuwepo, nikanyamaza. Tulikuwa na trekta tayari, na uma, na akili yote ile, na hatukufikiri hata siku moja. Ulikuwa mtu mzuri na ulimwacha mama yako anyeshewe. Nakupenda, na nimekuandikia hilo kwa mkono wangu.

Aliuliza, "Hizo pembe zako zinaweza kupita mlango wa boma langu?"

Nikamwambia zinapita, tutasogeza miti miwili ya ua. Nikamuuliza, "Na chira, mama?"

Akasema, "Nimelala kwenye maji miaka yote hii, mwanangu. Iko wapi nyingine itakayonizidi?"

Nikamweleza jinsi tutakavyofanya, vipande chini, Chacha na nyundo yake, mimi na trekta. Nikamwambia asiwe na wasiwasi juu ya yale mabati ya mwisho, nitapanda mimi, wanajua tayari mimi ni nani. Alinikatiza. Mama yako, mwenye magoti yale, anayeshika ukuta akiinuka. Alisema nishike ngazi tu isiteleze, kwa sababu paa ni lake na juu atapanda yeye.

Kaa salama huko uliko. Mimi nakwenda kupima ua wa mama yako.

Mkeo,
Mama Atieno, ambaye harithiwi.